Mbwa wa Gikomba Ana Mwenyewe

Saa kumi alfajiri soko la Gikomba, jijini Nairobi, huwa liko macho. Mikokoteni imeanza kugongana karibu na Quarry Road, belo zinakatwa kamba kwa mwanga wa tochi za simu, na wanunuzi waliosafiri usiku kucha wanainama kuchagua nguo za kamera, yaani zile bora, kabla wenzao hawajafika. Saa hiyo hiyo mbwa wanamaliza zamu yao. Wametoka upande wa samaki, wamepita kando ya mto, na sasa wanarudi kwenye mbao na mabati wanakolala mchana. Hapo ndipo watu na mbwa hukutana, gizani, kila mmoja akimshuku mwenzake, na hapo ndipo malalamiko huzaliwa.

Mjadala huu nimeuandika kwa sauti sita. Hakuna sauti iliyo ya mtu mmoja ninayeweza kumtaja. Kila moja nimeiunda kwa hoja ambazo yeyote aliyekaa Eastlands amezisikia barazani, ndani ya matatu au kwa kinyozi. Nimejitahidi kumwachia kila msemaji nguvu zake zote, hata yule nisiyekubaliana naye. Na nisipokubaliana nitasema.

MUUZA MITUMBA: Nianze mimi, kwa kuwa malalamiko ni yangu. Juzi kijana wa mkokoteni alikuwa ananiletea belo ya sweta za watoto. Tulipofika kwenye mashine za mbao, mbwa wanne wakatutokea. Kijana akaachilia mkokoteni, akakimbia, na simlaumu. Belo ikaangukia mtaroni. Sweta iliyolowa maji ya mtaro wa Gikomba hainunuliwi na mtu. Nilikwenda ofisi moja nikatumwa nyingine, na ile nyingine ikanirudisha ya kwanza. Sasa nasema hivi: kilo mbili za matumbo, sumu kidogo, usiku mmoja. Kesho yake tunapita kwa amani.

MLINZI: Ndugu yangu, hao wanne nawajua. Wawili ni wangu.

MUUZA MITUMBA: Wako vipi? Uliwanunua?

MLINZI: Sikununua hata mmoja. Mama yao nilimkuta chini ya kibanda kilichoungua, amejikunja na watoto wake, nami nilikuwa na ugali uliobaki. Tangu siku hiyo nikipiga mluzi wanakuja. Nalinda vibanda 30 usiku kwa rungu na tochi. Mwizi haji peke yake. Wakibweka kuelekea mto, najua kuna watu. Wakiguna na kurudi nyuma, najua kuna kitu wasichokielewa, na hapa kwetu kitu hicho huweza kuwa moshi.

Hoja ya mlinzi isipitwe haraka. Alfajiri ya Juni 28, 2018, moto wa Gikomba uliua watu 15, na soko hili limeungua mara nyingi kabla na baada ya siku hiyo. Sisemi kwamba mbwa huzuia moto. Nasema kwamba mahali ambapo mbao, nguo na nyaya za umeme zimebanana hivi, na mtu mmoja analinda mali ya watu 30, sikio la mbwa ni sehemu ya ulinzi. Anayetaka kuliondoa aseme ataweka nini mahali pake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni lile neno dogo, "wangu". Tumezoea kusema mbwa koko, na neno hilo linatupotosha, kwa sababu linatufanya tuamini kwamba mnyama huyu ameota tu kama magugu. Watafiti waliohesabu mbwa wa Machakos katika miaka ya 1990 walikuta karibu wote wana kwao. Walio wengi walikuwa hawafungwi wala kuzuiliwa, basi. Mbwa anayezurura na mbwa asiye na mwenyewe ni vitu viwili. Hapa Gikomba, mwenyewe wa mbwa si yule aliyelipa pesa. Ni anayemtupia mfupa: mlinzi, mwenye bucha, vijana wanaolala sokoni, mama anayekaanga mgongowazi na kurusha mapezi nyuma ya meza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa. Sasa mbwa anayelishwa na watu watatu, nani kati yao atapanga foleni kumchukulia leseni?

MAMA SAMAKI: Mmezungumza sweta, mmezungumza wezi. Mimi nimewanyamazia nikitarajia mtafika kwa mtoto. Mwanangu ana miaka saba. Alikuwa anatoka shuleni, anapita pale pale nyuma ya meza yangu, mbwa akamshika shavu la mguu. Jirani mmoja akaja na chumvi na pilipili, mwingine mafuta ya taa. Hakuna aliyekuja na sabuni. Zahanati ya kwanza sindano hakuna. Ya pili wakaniandikia nikanunue. Siku ile ile, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya 14, siku ya 28. Kila safari nimefunga meza, na samaki hangoji. Lakini hayo yote ni pesa. Mnajua ni nini kilichonimaliza? Kila jioni nilikuwa nampa maji kwenye kikombe, halafu namtazama anavyoyameza. Msinifundishe huruma ya mbwa. Mtoto wangu alihurumiwa na nani?

Wapo watu wanaopenda wanyama, nami nimo, ambao hufika kwenye maneno kama haya na kuyaruka. Husema pole, kisha wanarudi kwenye hotuba yao. Haifai. Mama huyu alikuwa anatazama maji kwa sababu amesikia, na amesikia sawasawa, kwamba mtu aliyeshikwa na kichaa cha mbwa hushindwa kuyameza na huyaogopa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi hii hii, na haujaondoka. Makadirio ya serikali ni kwamba unaua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka. Duniani hufa watu wapatao 59,000, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi huingia kwenye jeraha, vikatambaa polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa au miezi. Vikiwa njiani, sindano huvizuia. Dalili zikianza, hospitali yoyote duniani haina cha kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso.

Kwa hiyo anayelalamika juu ya mbwa Gikomba hana roho mbaya. Anaogopa kitu cha kuogopwa. Mazungumzo yoyote yasiyoanzia hapo yatavunjika.

DAKTARI WA MIFUGO: Mama, pole sana. Mimi nimesomea wanyama, lakini acha nianzie kwenye mguu wa mtoto. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, hata akilia. Kirusi hiki kimevikwa ngozi ya mafuta, na sabuni huivua, kikafa pale pale. Pilipili na mafuta ya taa huchoma nyama, kirusi kikabaki. Baada ya hapo ndipo mbio za kwenda kituoni. Sasa naomba nikuulize: yule mbwa yuko wapi?

MAMA SAMAKI: Walimpiga mawe siku ile ile. Wakamtupa mtoni.

DAKTARI WA MIFUGO: Hapo ndipo mlipozidishiwa mzigo. Mbwa mwenye virusi kwenye mate ni mbwa anayekaribia kufa. Akifungwa mahali, akapewa chakula na kutazamwa siku 10, na siku ya kumi bado yu mzima, basi siku aliyouma hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Sindano zinaanza siku ya kwanza, hazingoji. Lakini mbwa akithibitika mzima baada ya siku 10, daktari wa mtoto anaweza kuzisimamisha. Zile safari mbili za mwisho, ya siku ya 14 na ya 28, huenda usingezifanya. Na angekufa akiwa kifungoni, kichwa chake kingepelekwa maabara ya mifugo ya Kabete, nawe ungejua ukweli. Waliomuua walikuwa wanakutetea, mama, nami nawaelewa. Lakini walitupa mtoni jibu ulilokuwa unalitafuta kwenye kikombe cha maji.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kama kuna aya moja ya makala haya ningependa ibandikwe kwenye nguzo za umeme kutoka Shauri Moyo hadi Majengo, ni hiyo.

MUUZA MITUMBA: Daktari, hilo ni la yule aliyeuma. Mimi nauliza wale ambao hawajauma. Tungojee waume? Hata sheria ya kichaa cha mbwa, ile sura ya 365, inaruhusu mbwa anayezurura auawe.

DAKTARI WA MIFUGO: Inampa afisa wa mifugo mamlaka hayo, mahali palipotangazwa kuwa pana ugonjwa. Haimpi mfanyabiashara ruhusa ya kutega matumbo yenye sumu. Na kuna sura ya 360 inayozuia ukatili kwa wanyama. Lakini tuiache sheria, tutazame hesabu. Mbwa jike hubeba mimba wiki tisa tu. Gikomba ina vichwa vya samaki, utumbo, mifupa ya soko la nyama la Burma na masazo ya vibanda vya chakula. Ukiua mbwa kumi leo, chakula cha kumi kimebaki mezani. Mbwa wa mitaa ya California na Kinyago watakinusa. Watakuja wageni usiowajua na wasiokujua, wagombane, waumane. Na kati ya wale kumi uliowaua huenda watatu walikuwa wamechanjwa. Umeua kinga yako mwenyewe.

Kisa cha Bali, kule Indonesia, kinafundisha. Kichaa cha mbwa kilipofika kisiwani humo mwaka 2008, wenye mamlaka walikimbilia kuwaua mbwa kwa sumu. Mbwa wengi waliuawa, na ugonjwa ukazidi kusambaa kijiji hadi kijiji. Wenye mbwa walikuwa wakiwaficha au kuwahamisha, na wakiwahamisha walihamisha na ugonjwa. Chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010 ndipo vifo vilipoanza kushuka. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya afya duniani ni mbwa saba katika kila kumi. Ukiwachanja saba, ugonjwa hukosa mahali pa kurukia. Mpango wa Kenya wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka 2014, umeshika hesabu hiyo hiyo na kuweka mwisho wake mwaka 2030.

KIJANA ANAYELALA SOKONI: Naweza kusema? Hiyo nyama ya sumu mtaitupa wapi?

MUUZA MITUMBA: Pale wanapokusanyika. Nyuma ya samaki.

KIJANA: Hapo ndipo tunapookota sisi.

Kwangu mimi hoja ya sumu ilikufa hapo. Ningeweza kuongeza paka wanaozuia panya kutafuna belo, au maji ya mto Nairobi yanayoendelea kutumiwa na watu huko chini, lakini haihitajiki. Nyama ikitupwa usiku Gikomba, mbwa huenda asiwe wa kwanza kuifikia. Na kijana huyu ana jingine asilolisema mbele ya wakubwa: usiku wa baridi ya Julai, mbwa ndiye blanketi lake na ndiye mlinzi wake. Ukimwondolea mbwa bila kumpa kitu, umemvua.

MZEE WA MAJENGO: Wanangu, nimekaa nawasikiliza. Mimi nyumba yangu ni ya udongo wa zamani, Majengo ya Pumwani, na nimezaliwa humo. Swala ya alfajiri naiendea kwa miguu. Nimeshatawadha, nimevaa kanzu, na mbwa ananijia na pua yenye maji. Kwa mafundisho niliyolelewa nayo, mate yake ni najisi. Nguo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nirudi nyumbani nioshe, jamaa imenipita. Hili kwenu dogo. Kwangu ni kila siku ya Mungu.

MLINZI: Mzee, haki yako. Sikuwahi kufikiria hilo.

MZEE WA MAJENGO: Najua hukufikiria, mwanangu, maana sikukwambia. Nilikuwa nakulaani kimoyomoyo. Lakini asije mtu akasema dini imeniagiza nimuue. Tumefundishwa habari za mtu aliyemkuta mbwa akiramba matope kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mola akamsamehe. Najisi ni ya nguo. Huruma ni jambo jingine. Nina jamaa zangu Pemba. Kisiwa karibu kizima ni Waislamu, mbwa hawapendwi ndani ya nyumba, lakini watu walijitokeza, wakawashika kamba wakawapeleka chanjo. Ugonjwa ukaisha. Walipolegeza ukarudi, mwaka 2016. Wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umetoka. Kama Pemba wameweza bila kupenda mbwa, nasi tunaweza bila kupenda mbwa.

Nimeipenda hiyo. Kampeni nyingi za wanyama huanza kwa kuwaomba watu wabadilishe mioyo. Mzee anatuambia si lazima. Asiyempenda mbwa na ampendaye wanaweza kushika ncha mbili za kamba moja, kila mmoja kwa sababu yake.

MZEE WA MAJENGO: Sasa mlinzi, nikuulize kama mwanangu. Wale wawili wako hufungika?

MLINZI: Hufungika, Mzee. Kamba ninayo. Zamu yangu ngumu ni kuanzia saa nne hadi saa tisa. Saa kumi kasorobo watu wanaanza kuja, mwizi hapiti tena. Naweza kuwafunga saa hiyo mpaka saa moja asubuhi, wewe uende msikitini, na huyu ndugu apitishe mkokoteni wake. Hakuna aliyewahi kuniomba. Walikuja askari mara moja, wakauliza kwa ukali mbwa hawa ni wa nani. Nikasema siwajui.

Naomba msomaji arudie sentensi hizo mbili za mwisho. Humo ndimo ulimo ugonjwa wote wa namna tunavyoshughulikia malalamiko ya mbwa mijini. Mtu analisha mbwa. Jirani anaudhika. Jirani haendi kwa anayelisha, anakwenda ofisini. Ofisi, ikijaliwa kusikia, inatuma watu wenye fimbo. Mwenye mbwa, akiona fimbo, anamkana mbwa wake. Na tangu dakika ile mbwa hana mtu wa kumfunga, hana wa kumpeleka chanjo, hana wa kulipa akiuma. Tulikwenda kutafuta mwenye mbwa, tukarudi tumemtengeneza mbwa asiye na mwenyewe.

Ndiyo maana nasema, na kwa hili sina shaka: lalamiko la mbwa ambaye hajauma liende kwanza kwa mtu anayemlisha, na liende na msaada mkononi. Waende watu wawili, mmoja awe ni mtu ambaye mlishaji anamheshimu. Wasiseme "mbwa wako ni hatari". Waseme "tumeona unawalisha, tunapata shida saa fulani mahali fulani, tufanyeje?" Wampe siku kadhaa. Akikosa kamba, apewe kamba. Akikosa siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo, mtu mwingine awapeleke. Wabishi wapo, nao wakishindikana ndipo chifu na kaunti waitwe, na wakiitwa wawe na daftari la kuonyesha: tarehe, mahali, rangi ya mbwa, alifanya nini, nani alizungumza na nani. Mpango wa Nyumba Kumi tuliletewa mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Kujua nani analisha mbwa gani ni usalama kama ulivyo usalama mwingine.

Mbwa akiuma, hayo yote yanarukwa. Hakuna ujumbe wa watu wawili. Ni sabuni, kituo cha afya, na simu kwa afisa wa mifugo ili mbwa afungwe na kutazamwa.

MAMA SAMAKI: Maneno mazuri. Na nauli yangu? Na meza niliyofunga siku tano? Anayelisha alipe. Kama ni wako wakati wa kubweka, awe wako wakati wa kuuma.

MLINZI: Mama, ni kweli. Lakini mshahara wangu unaujua. Nikilipa sindano moja, kwangu hatuli.

MUUZA MITUMBA: Kwani anayekulipa ni nani?

MLINZI: Ni wenye vibanda. Wewe ni mmoja wao. Kibanda chako ni cha tatu kutoka kwenye mashine za mbao.

Muuza mitumba akatazama chini. Alikuwa hajalijua hilo. Mchango wa ulinzi humpa mkusanyaji kila wiki bila kumwona anayelala nje kwa ajili yake. Mbwa waliomwangushia belo ndio waliokuwa wakiilinda usiku ikiwa ndani. Kwa hiyo ninapoandika kwamba mbwa wa Gikomba ana mwenyewe, simkusudii mlinzi peke yake. Wenye vibanda 30 wakiongeza kidogo juu ya mchango ule ule, wanaweza kuchanja mbwa wa mlango wao kila mwaka, wakamfunga uzazi yule jike, na wakabakiza akiba ya sindano ya kwanza ya mtoto atakayeumwa kabla mzazi hajaanza kuhangaika. Hapo mama samaki anadai haki. Haombi hisani.

MUUZA MITUMBA: Nitachangia. Lakini nami nina neno kwa mama, kwa heshima. Vile vichwa na mapezi unavyorusha nyuma ya meza, ndivyo vinavyowaita.

MAMA SAMAKI: Nilikuwa nangoja mtu aliseme. Nikusanye niweke wapi? Pipa liko wapi? Nalipia uzoaji, na taka hulala siku tatu. Mniletee pipa lenye kifuniko kesho, nitakuwa wa kwanza kulitumia.

Mimi niko upande wake. Ni rahisi kumnyooshea kidole mwanamke mwenye kisu na ndoo, lakini jaa lililo wazi ni kazi ya watu wengi kuliko yeye. Hata mbwa wenyewe hawakutoka kwake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi za kandokando ya mito ya Nairobi zilibomolewa. Familia inayohama na godoro kichwani, ikielekea chumba cha kuomba kwa jamaa, haiwezi kuhama na mbwa. Moto huacha mbwa vivyo hivyo. Mlinzi alituambia mapema alikomkuta yule jike.

DAKTARI WA MIFUGO: Nami nisiwadanganye. Wapo mbwa watakaolazimika kuondolewa. Aliyeonyesha dalili za kichaa, au aliyeuma mara ya pili bila kuchokozwa, huyo aondolewe kwa mkono wa daktari, kwa dawa isiyomtesa. Pia msidhani mtawakusanya wote muwapeleke kwa shirika la kutunza wanyama, KSPCA, kule Langata. Makao ya Nairobi nzima hayatoshi mbwa wa Eastlands. Wengi wataishi na kufia hapa hapa. Kazi yetu ni kuhakikisha wanaishi wakiwa wamechanjwa, wanajulikana, na hawaongezeki ovyo. Aliyechanjwa mfungeni utepe wa rangi shingoni, ili hata mtu anayepita gizani amulike aone.

MZEE WA MAJENGO: Na njia ya msikitini?

MLINZI: Saa kumi kasorobo, Mzee. Ukiniona nimesahau, niite kwa jina.

Hawakukubaliana yote. Mama samaki aliondoka akisema atasadiki siku atakapoliona pipa na hiyo akiba, na asipoviona asilaumiwe. Muuza mitumba bado anataka mbwa wapungue, nami pia nataka, ila kwa kufunga uzazi. Mzee hataki kuwagusa na hatawagusa. Yule kijana aliuliza kama daktari anaweza kumfundisha kushika mbwa wakati wa kuchanjwa, kwa kuwa wote wanamfuata, na sijasikia mtu mwenye sifa ya kazi hiyo kumzidi.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wiki hiyo sehemu nyingi za Kenya huchanja mbwa bila malipo. Wewe unayewalisha Gikomba, Majengo, Shauri Moyo, usisubiri askari waje kukuuliza. Ulizia mapema kwa afisa wa mifugo wa eneo lako chanjo itakuwa wapi, tafuta kamba, umlete. Na wewe unayewaogopa, mfuate huyo anayewalisha, umsalimie, umsaidie kushika kamba hiyo.